Viatu Mlangoni kwa Fundi Cherehani

Ofisini walimwita Kufuli. Alilijua jina hilo akajifanya halijui, kama alivyojifanya hajui mengine mengi. Aliingia jeshini kijana mwembamba wa chumba cha redio, kazi yake kusikiliza sauti za mbali na kuandika anachosikia. Wenzake walikuwa wakitia chumvi ili waonekane wa maana. Yeye akisikia nusu ya sentensi, aliandika nusu ya sentensi, na wakubwa wakampendea hilo. Akapandishwa cheo, akapandishwa tena, akahamishiwa idara ya ujasusi, akawa mkurugenzi wake, na mwishoni wakamweka wizara ya ulinzi, kwenye chumba kilichopakana na cha waziri, awe mshauri wa mambo ambayo hata waziri alikuwa akiambiwa kwa kupimiwa. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na hotuba ambayo haikutaja kazi hata moja aliyowahi kufanya. Watu walipiga makofi kwa adabu, wakala keki, wakarudi kwenye meza zao.

Akaenda nyumbani na saa yake. Nyumbani hakukuwa na mtu.

Wapo wanaosema kwamba mzee mwenye nyumba kubwa, pensheni na mlinzi getini hana la kulalamikia. Haya, na wakakae humo wao. Vyumba vinne, na kitanda kinachotandikwa ni kimoja. Asubuhi alikuwa akichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea tu, anakunywa yake, ile nyingine inapoa mpaka anaimwaga. Mlinzi, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alimwamkia akija na kumuaga akiondoka, na ziko siku ambazo hizo ndizo salamu pekee alizopewa na binadamu. Alikuwa mpweke, tusizunguke. Alikuwa mpweke hadi akawa anasoma kwa sauti karatasi za bili ya umeme.

Na mtoto alikuwa naye. Binti, mmoja tu, mfamasia mwenye duka lake la dawa mtaa wa tatu kutoka pale. Hapo ndipo palipouma. Mke alikuwa ameshafariki zamani, binti akiwa bado chuoni, na tangu siku ya mazishi baba na mwana hawakuwahi kukaa meza moja. Mzee alikuwa akienda dukani kununua dawa ya presha. Binti anavaa miwani yake, anamwuliza kama anavyomwuliza mtu yeyote: "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Anafunga, anarudisha chenji, anamwita aliye nyuma yake. Kwa namna alivyoenda mara kwa mara, mzee alikuwa na dawa ya presha ya kutosha mtaa mzima, na presha yenyewe haikuwa ya kutisha.

Kisa chote ni nyumba ya fundi.

Mjini palikuwa na mwanamke fundi cherehani, mwenye kibanda cha kushonea mbele na vyumba viwili nyuma. Alishona kweli, na alishona vizuri. Sare za shule za mtaa ule zilitoka mkononi mwake. Lakini mshahara wake ulitoka idarani, na vyumba vya nyuma vilikuwa vya kazi. Humo Kufuli alikutana na watu ambao hawakutakiwa kuonekana naye popote. Wanaingia kama wateja, na mafurushi ya vitambaa kwapani, wanatoka na suruali iliyopunguzwa urefu.

Basi shemeji yake, kaka wa mkewe, akaliona gari la Kufuli pale mara ya kwanza, akaliona mara ya pili, akafanya hesabu zake. Uvumi ukatembea: mkubwa ana nyumba ndogo kwa fundi cherehani. Kufuli alipopeleka habari hiyo kwa bosi wake wa wakati huo, bosi alicheka mpaka akavua miwani.

"Kifuniko cha bure hicho," alisema bosi. "Tungekitunga wenyewe kisingekuwa kitamu namna hii. Usikubali, usikanushe. Mwanamume mwenye nyumba ndogo watu wanamsengenya tu, hawamchunguzi."

Wakakipamba. Kufuli akaanza kuvua viatu vyake na kuviacha nje mlangoni, penye macho ya majirani, vimekaa pale kama vya mwenye nyumba. Fundi akaanza kumwita "baba watoto" kwa sauti ya kusikika mpaka dukani. Kazi ikaenda raha mustarehe. Na kama kuna mtu aliyekumbuka kwamba uvumi ule una mlango mwingine, kwamba utaingia pia jikoni kwa mwanamke mwingine anayekaanga vitunguu, basi hakulisema.

Mkewe aliuliza mara moja. Alikuwa kasimama penye jiko, mgongo kwake.

"Kuna mtu?"

Kufuli hakukubali, wala hakukanusha. Alinyamaza, kama alivyofundishwa. Mke alisubiri, akasubiri, akapunguza moto, akapakua chakula. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Na siku ya kuingia huko ilifika. Mama alikuwa amelazwa, ghafla mchana akazidiwa, daktari akasema aitwe mumewe. Ofisini simu zikapigwa, wakasema katoka. Binti alijua alikotoka kwenda. Mji mzima ulijua. Akachukua teksi mpaka kwa fundi, akavikuta viatu vya baba yake mlangoni, akagonga. Fundi alifungua kwa gauni la nyumbani, nywele kaziachia makusudi.

"Mwambie baba mama anazidiwa," alisema binti. "Anamwita."

"Amelala, mwanangu," alisema fundi. "Akiamka nitamwambia."

Kufuli hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha nyuma, goti kwa goti na kanali wa jeshi la nchi jirani, ambaye baada ya miezi ya kubembelezwa ndiyo kwanza alikuwa anataja siku na mahali pa shambulio. Ukuta ulikuwa wa mbao. Kila neno la mwanawe alilisikia. Angefungua mlango ule, binti angeiona sura ya kanali. Angetoka peke yake, kanali angeingiwa na hofu na asingerudi tena. Kanali mwenyewe alinyamaza, akamtazama, akangoja kuona atafanya nini. Kufuli akamwashiria kwa kidole: endelea.

Kambi moja ya mpakani ilihamishwa kabla haijashambuliwa. Wanajeshi waliokuwa humo wengi wao leo ni baba za watu, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini yu hai. Na Kufuli alipofika hospitali, shuka lilikuwa limeshavutwa juu. Binti alikuwa kakaa kwenye kiti cha mbao, anaangalia miguu ya baba yake, viatu amevivaa sasa.

Hayo ndiyo aliyokaa nayo. Akiwa na kazi, kazi ilimsitiri. Alipostaafu, kikabaki kimya cha nyumba na vile vikombe viwili, na mzee akaona ama aseme, ama afe na saa ya ukutani. Siku moja, saa ya kufunga duka, akasubiri wateja watoke.

"Sikuwa na mwanamke," alisema.

Binti alikuwa anapanga masanduku ya dawa ya kikohozi. Mkono ukasimama.

"Miaka yote hii, baba."

"Naomba unisikilize."

"Njoo nyumbani Jumamosi," alisema binti, bila kugeuka. "Nitakusikiliza mara moja. Sirudii."

Jumamosi mkwe, mume wa binti, akamchukua mtoto wao wakaenda kutembea, ili wawili hao waachwe peke yao. Mzee aliketi kwenye ncha ya kochi. Alikuwa hajawahi kuketi kwenye kochi lile. Akavunja kiapo. Akamweleza kazi yake ilikuwa nini hasa, nyumba ya fundi ilikuwa ya nini, kanali, kambi, viatu. Jambo moja hakulisema: kwamba sauti yake aliisikia. Alisema alikuwa kazini na habari haikumfikia. Ajabu ya mtu huyu, hata siku ya kufungua kufuli alibakiza ufunguo mmoja mfukoni.

Binti alimsikiliza kama anavyosoma mwandiko wa daktari, kwa kukunja uso.

"Yapo makaratasi ya hayo?"

"Yalichomwa."

"Na nani?"

"Kwa amri yangu."

"Na huyo kanali?"

"Alishafariki."

Binti akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Baba, zamani ulikuwa hodari wa kunyamaza. Kudanganya hukuwezi kabisa. Nani amebaki wa kunihakikishia?"

"Fundi mwenyewe."

"Basi mlete. Nimtazame usoni." Akavua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi. "Mimi sitaki uwe mtu mwema. Hilo nilishaliacha. Nataka useme kweli mara moja katika maisha yako, nijue nina baba wa namna gani. Lakini kama umekuja kunichezea na hapa, usirudi tena, hata kwa dawa. Maduka ni mengi."

Mzee alitoka pale karibu anaruka. Maskini. Mtu aliyewahi kuwasoma majenerali kwa namna wanavyokoroga chai, akashindwa kukumbuka alichowafundisha watu wake mwenyewe.

Maana lilikuwepo jaribio. Idarani waliliita jaribio la Kufuli, na mtunzi wake ni yeye. Ofisa mpya akishakula kiapo na kupewa siri ya kuilinda, miezi inapita, halafu siku moja Kufuli mwenyewe anamtembelea, peke yake, uso umechoka, sauti ya upole. Anamwambia mambo yamekwisha, siri haina kazi tena, nimekuruhusu, mweleze mtu fulani yote. Anayesema, kesho yake amefungishwa virago. "Kiapo hiki sikufungui mimi," alikuwa akiwaambia waliobaki. "Nikija kwa machozi, nikija kwa magoti, mimi ni mgeni kama mgeni mwingine." Fundi alikuwa mmoja wa waliobaki. Alimsikiliza Kufuli siku ile mpaka mwisho, halafu akamwuliza kama suruali anaitaka ya pindo pana au jembamba.

Sasa mzee alimkuta palepale kibandani, mvi zimemjaa, sindano mdomoni. Hakuwa mtu wa kustaafu huyo. Mzee alimweleza shida yake huku cherehani ikiwa imesimama.

"Ni amri, mkuu?" aliuliza fundi.

"Sina amri tena mimi. Ni ombi."

Fundi alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kijimto chake, akamtazama sana.

"Nitakuja," alisema.

Akaja kweli nyumbani kwa binti. Alivaa gauni la heshima, pochi ndogo mkononi, akaketi alikoonyeshwa. Binti hakumwamkia. Alimsogezea glasi ya maji kwa sababu ndivyo alivyolelewa, basi. Mzee akaketi kando, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Baba anasema hamkuwa na lolote," alisema binti. "Anasema ilikuwa kazi ya serikali. Nataka kusikia kwako."

Fundi alikunywa maji kidogo, akaiweka glasi chini taratibu.

"Mwanangu," alisema, "baba yako ananisitiri. Ndivyo alivyo. Hataki niaibike uzeeni." Sauti ilimtetemeka pale ilipotakiwa kutetemeka. "Serikali gani itakaa kibandani kwangu? Mimi nashona sare. Nilimpenda mume wa mtu, na mume wa mtu akanipenda. Siku uliyokuja kugonga, mimi ndiye niliyekataa kumwamsha. Nilimwonea wivu mama yako hata akiwa kitandani. Nimekuja kukuomba radhi, kwa sababu sikupata nafasi ya kumwomba yeye."

Na chozi likadondoka. Chozi la kweli, mzee aliliona, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kulia machozi ya kweli. Hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Binti alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Fundi alisimama, akaomba ruhusa, akatoka. Mzee akamfuata mpaka getini.

"Fundi. Leo halikuwa jaribio."

"Najua, mkuu."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu ulipokuja kibandani. Ulikuwa umefunga vifungo vya shati vibaya." Aliangalia huku na huku mtaani, mazoea hayaishi, akashusha sauti. "Nyumba yangu ina mgeni, mkuu. Hivi tunavyoongea, yumo chumba cha nyuma. Nikisema kwa binti, binti atamwambia mumewe, mumewe atamwambia rafiki yake mmoja tu. Yule mgeni ana watoto pia. Ungekuwa kwenye kiti chako ungeniambia nini?"

Alichoona mzee ni aibu kukitaja, lakini tukitaje: ndani ya yale maumivu, alijisikia fahari. Kidogo tu, ya mwalimu mwenye mwanafunzi bora. Halafu ikapita, na akabaki amesimama na mkono kwenye chuma cha geti.

"Nenda salama," alisema.

"Nisamehe, mkuu."

"Umefanya kazi."

Akarudi ndani. Umbali ule mfupi wa baraza aliutembea polepole kuliko njia yoyote aliyowahi kupita, maana alijua kinachomsubiri. Akiendelea kushikilia ukweli, binti atahesabu kwamba amechezewa mara mbili, na mlango utafungwa. Na wala hangekosea. Ushahidi wote ulioko duniani ulikuwa upande wake. Kufuli aliujenga ushahidi huo kwa mikono yake, tofali kwa tofali, akaupaka na rangi. Akiukubali uongo, atakuwa na mwana.

Binti alikuwa amesimama dirishani.

"Sasa sema," alisema. "Safari hii usinyamaze, baba. Nakuomba."

Maishani mwake mzee alikuwa amesema uongo mwingi kwa ajili ya nchi, na hakuna hata mmoja uliomkwama kooni. Huu wa leo ulikwama, akausukuma.

"Ni kweli," alisema. "Alivyosema ndivyo. Nilikuwa naye. Mama yako alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa kule."

Binti alifumba macho. Mzee alingoja afukuzwe. Badala yake akasikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo, na mwanawe akaja akakaa kwenye kochi, ubavuni kwake kabisa, mabega yakigusana.

"Nimeusubiri ukweli huo tangu siku ile," alisema binti. "Mama aliniachia neno lako. Kabla hajakata kauli alinishika mkono akasema: siku baba yako atakapokiri kwa kinywa chake, mwambie mimi nilishamsamehe kitambo. Asipokiri, usimwambie kitu. Sasa miaka yote hii nimekaa nalo, baba. Ungekiri hata pale mlangoni wodini ningekupa siku ileile."

Hapo Kufuli alilia. Mtu aliyewahi kusimama kwenye makaburi ya maofisa wake macho makavu, alilia mpaka kamasi zikamtoka, na binti akampa kitambaa, akampigapiga mgongoni kama anavyombembeleza mtoto.

"Basi, baba. Basi. Yamekwisha."

Hayakwisha. Mkewe alikuwa amemsamehe mwanamume mwenye nyumba ndogo, na mwanamume huyo hakuwahi kuwepo. Walimshona pamoja, yeye na fundi na bosi aliyecheka mpaka akavua miwani. Yule aliyekuwepo kweli, aliyekaa nyuma ya ukuta wa mbao, akaisikia sauti ya mwanawe inasema mama anazidiwa, akanyoosha kidole kwamba mazungumzo yaendelee, huyo mkewe hakumjua. Binti naye hakumjua. Hakuna aliyeachiwa neno lake.

Getini mkwe alikuwa anarudi na mtoto, wanabishana kuhusu mpira. Binti alisimama, akajifuta uso, akanyoosha blauzi yake.

"Nateleka chai," alisema. "Utakunywa?"

"Nitakunywa," alisema mzee.

Binti akaenda jikoni, akafungulia maji, na kutoka hukohuko akauliza anatumia sukari kiasi gani, maana hakuwa anajua.